Mwimo

Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni,
iwe Idi, iwe matanga,
nashuka ngazi ishirini na moja za udongo
hadi penye ubao wa kipimo, chini ya daraja, Korogwe.
Nachuchumaa. Nausubiri mto utulie,
maana haujibu ukiulizwa kwa pupa.
Kisha nasoma: moja nukta nne mbili.
Naandika kwa penseli. Wino hulia ukilowa.

Kazi hii inalipa kama kuku wa kienyeji:
hutaga siku atakayo, mahali usipopajua.
Semhando, mume wangu, huuliza,
"Leo maji yamesemaje?"
"Yamesema nukta nne mbili,
na unga umekwisha."

Najua rangi zake.
Yakija mekundu kama ngeu, ni Mkomazi umelewa udongo wa Upare.
Yakiwa ya kijani, yananuka shombo la bwawa,
kule juu wamefungua Nyumba ya Mungu.
Mwajabu alipokuwa mdogo aliuliza
kwa nini Mungu anatumwagia maji aliyokwisha kuoga.
Kiangazi, ubao hubaki miguu mitupu,
namba za chini zinaota jua kama kenge,
na Mkwizu wa ofisi ya bonde hupiga simu:
"Mama, leo kuna ngapi?"
Sufuri nukta tatu, bwana.
Taa yako ikififia usiku, usiulize Hale. Uliza huku.

Waliwahi kuleta kifaa cha kujisomea chenyewe,
sanduku, paneli ya jua, na antena kama unyoya wa jogoo.
"Sasa utapumzika."
Nikapumzika siku kumi na saba.
Nyuki wakahamia sandukuni na malkia wao,
na tangu hapo kifaa kinatuma namba moja, usiku na mchana:
mita tisa.
Kwa hesabu ya nyuki, Korogwe nzima imeshakufa maji.

Kisha ukaja usiku ule wa vuli.
Ubao wa tano, wa mwisho, ulimezwa kabla ya isha.
Nilimulika tochi: mabua, mlango wa choo cha shule,
mbuzi mmoja, hai, amesimama juu ya mgomba unaoelea.
Hapakuwa na cha kusoma.
Daftarini nikaweka kistari.
Watoto nilishawapeleka kwa wifi yangu, mlimani.
Maji yakapanda ngazi moja moja
kama mgeni anayeijua njia,
yakaingia jikoni bila hodi,
yakazima mafiga, yakanifika kiunoni.
Nikachukua mkaa uchagani.
Kwenye mwimo wa mlango, pale ninapowapimia wanangu kila Idi,
nikachora mstari, nikaandika: saa nane na robo.
Mto ulikuwa umempita Mwajabu wa Idi ya kwanza,
haujamfikia Mwajabu wa Idi ya tatu.

Mkwizu alikuja barabara zilipokauka.
Akafunua daftari, akakiona kistari.
"Mama, hapa pana shimo.
Siku kubwa kuliko zote, na hukusoma."
Nikamshika mkono, nikampeleka jikoni.
Alitazama. Akavua kofia.
Kesho yake wakaja na darubini ya miguu mitatu,
wakapima kutoka darajani hadi kwenye mkaa wangu:
sita nukta tatu nane.
Namba hiyo sasa imo katika vitabu vya bonde.
Hamna palipoandikwa kwamba ndio urefu wa Mwajabu
mwaka alioanza kutamka "maji."

Harusi yake ni mwezi wa nane.
Semhando amenunua rangi, ndoo mbili, ya samawati.
Nimemwambia: paka ukuta, paka dirisha,
ukitaka panda ukapake na bati.
Mwimo usiuguse.
Amenuna kidogo.

Saa kumi imefika. Nashuka.
Moja nukta nne moja.